Watoto Wetu na Chupa za Desemba

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mhudumu wa baa, mbele ya mkutano wa tawi, Nyeri, Novemba 2025. Imechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni siku ile.



Najua wengi wenu mmekuja kusikia habari za mishahara, na habari hizo Katibu atazisema baada yangu. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo halimo katika mkataba wetu na waajiri, ingawa latunyima usingizi kama mkataba wenyewe. Nalo ni watoto wetu wa shule, pombe, na karamu zao za likizo.

Kwanza mnijue. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta miaka 22, Nanyuki kwanza na sasa hapa Nyeri. Karo ya watoto wangu imetoka katika chupa. Kwa hiyo sikusimama hapa kama mhubiri. Anayekunywa na asiyekunywa wote nawaheshimu, na mwisho wa mwezi mimi nami nakunywa zangu mbili. Nimesimama kama mtu aliyedhani anaijua pombe, kumbe alijua kuiuza tu.

Sasa shule zimefungwa. Twaijua Desemba ya kwetu, tangu Karatina na Othaya hata Kerugoya, Embu na Meru. Ni mwezi wa harusi, mwezi wa watu kurudi kutoka Nairobi na Mombasa na fedha mfukoni, na ni mwezi wa kutahiri wavulana. Tena ndio mwezi ambao sisi watu wa mahoteli hatuonekani nyumbani kabisa. Wageni wanapofurahi sisi tuko kazini, na watoto wetu wako peke yao. Hesabu hiyo watoto waliipiga zamani kabla yetu.

Karamu zao ni za namna nyingi. Mnakumbuka Agosti 2015, shule zilipokuwa zimefungwa tu, polisi waliposimamisha gari la abiria lililotoka pande zetu hizi za Mlima Kenya likielekea Nairobi. Ndani walikutwa wanafunzi 45, pamoja na pombe na bangi. Nchi nzima iliwapigia kelele watoto wale. Mimi sikusikia watu wengi wakiuliza nani aliyewauzia ile pombe, na nani aliyepokea nauli akafungulia muziki.

Halafu ulikuja mwaka wa 2020. Shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Hapo ndipo karamu za nyumbani zilipoota mizizi. Baba na mama wako kazini, nyumba ina televisheni na sofa, watoto huchanga mia mia, na mkubwa wao hutumwa dukani. Mwezi wa Novemba mwaka ule polisi wa Nairobi waliwakamata vijana zaidi ya 40 katika nyumba moja, na magazeti yakaandika. Ya kwetu hayakuandikwa. Lakini watumishi wa nyumbani waliokaa mbele yangu hapa wanajua ni nani aliyeosha zulia, na wanajua waliambiwa nini: "Ukimwambia mama, utaondoka wewe."

Namna ya tatu ndiyo nitakayokaa nayo, maana ndiyo iliyonigusa.

Desemba 2022 mtoto wa jirani yangu alitahiriwa. Mama yake ni mpishi wa hospitali, mwanachama mwenzetu, na amenipa ruhusa kusema haya. Yuko hapa ndani leo. Mtoto alikuwa na miaka 13, na mtihani wa darasa la nane aliumaliza siku chache tu kabla. Alitahiriwa vizuri na daktari, kisha akawekwa katika chumba cha mbao nyuma ya nyumba, na mutiiri wake alikuwa kijana mmoja wa ukoo wao. Mama haingii katika chumba kile, ndiyo desturi. Baba yake mtoto alikuwa kazini Mombasa. Basi kila jioni vijana wakubwa wa mtaa walikuwa wakiingia kumtazama, kama ilivyokuwa siku zote. Na mwanangu, wa kidato cha pili, miaka 16, alikuwa mmoja wao.

Usiku wa tano nilifika nyumbani saa saba, kutoka kazini. Nilimkuta mwanangu amekaa kizingitini anatetemeka. Akaniambia, "Baba, kuna mtoto haamki."

Tulikimbia. Mtoto alikuwa amelala chali sakafuni, baridi kama jiwe, na matapishi karibu na mdomo. Wale wengine walikuwa wametoroka, na mutiiri wake amelala kwa ulevi pembeni. Walevi nimewaona wengi, kwa hiyo nilijua la kufanya. Nilimlaza ubavu, nikamsafisha mdomo kwa kidole, nikamfunika koti langu, tukamwita mwenye teksi. Tulimfikisha katika hospitali ile ile ambayo mama yake alikuwa zamu jikoni, akipika uji wa asubuhi wa wagonjwa. Alikuja mbio na aproni yake. Daktari alisema sukari ilikuwa imeshuka sana mwilini, na kwamba mtoto wa umri ule akinywa pombe kali bila chakula aweza kufa usingizini kabla hakujakucha. Walimtundikia maji. Alipona.

Niliporudi kule chumbani kuchukua nguo zake niliikuta chupa. Niliitambua. Ilikuwa yangu, niliyopewa na mgeni mmoja wa hoteli kama asante, nami nikaiweka kabatini.

Wenzangu, nilimpiga mwanangu. Nasema kweli mbele yenu. Nilimpiga hata majirani wakaja kunishika. Mimi sikupata jibu lolote kwa fimbo ile, na yeye alipata alama mgongoni tu. Siku ya tatu ndipo nilipokaa naye chini, nikamwuliza kwa sauti ya kawaida: "Kwa nini ulimpelekea mtoto mdogo pombe?" Akaniambia: "Baba, wewe ulinipa bia Krismasi ya mwaka jana. Ulisema ninywe mbele yako, kwa kuwa mbele ya mtu mzima si vibaya. Basi mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima pale."

Nilinyamaza. Ni kweli nilimpa. Krismasi ya 2021, akiwa na miaka 15, nilimfungulia chupa moja mezani, na nilijisifu kwa wenzangu wa kazini kwamba mimi ni baba wa kisasa. Nilisema, heri anywe mbele ya macho yangu kuliko kichochoroni. Maneno haya nayasikia kila siku kaunta, kutoka kwa wazazi wenye elimu zaidi yangu. Wako hata wanaokodi ukumbi mdogo kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wa kidato cha tatu, wakaagiza kreti mbili, wakakaa chumba cha pili "kuangalia."

Najua sababu yao, na si sababu ya kipumbavu. Wanaogopa barabara za usiku. Wanaogopa pombe ya sumu, na wana haki ya kuogopa: Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu na kaunti nyingine kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka, na Februari 2024 walikufa wengine zaidi ya kumi katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Mzazi husema, afadhali ile yenye muhuri, niliyoinunua mwenyewe. Lakini mimi nilichomfundisha mwanangu mezani hakikuwa namna ya kunywa kwa kiasi. Mtoto hakuona kiasi. Aliona ruhusa. Na ruhusa haikai mezani pale ulipoiweka. Hutembea, huvuka ua, huingia katika chumba cha mtoto wa mtu mwingine ambaye mama yake hakuulizwa. Ukiwapa watoto 20 bia katika ukumbi wako, umejichukulia uamuzi wa wazazi 40.

Tena sheria hairuhusu. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile wengi waliyoiita sheria ya Mututho, inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, na inakataza pia kumpa. Haisemi "isipokuwa babake." Mwaka huu wa 2025 serikali imetoa sera inayopendekeza umri upandishwe hata miaka 21. Wengine wamecheka, wengine wamekasirika. Mimi nasema tu kwamba tungeanza kuutii ule wa 18, maana hata huo bado hatujauonja.

Mtu mmoja aliniambia, "Hiyo ni mila yetu, kijana akitahiriwa amekuwa mwanamume, na mwanamume hunywa." Nilimjibu aende kwa bibi yake akamwulize. Muratina ilikuwa pombe ya wazee. Ilitengenezwa kwa asali au miwa, ikanywewa kwa mahari, kwa baraka, kwa mashauri, na kijana aliyetoka kutahiriwa hakuwa na kikombe pale. Alitumwa kuteka maji. Mutiiri aliwekwa amlinde mtoto na kumfundisha adabu. Haya ya kuwatoza watoto fedha, kuwapiga usiku na kuwanywesha pombe kali ya dukani ni mambo mapya yaliyovaa koti la mila. Makanisa kadhaa ya kwetu yameona hivyo na yanawakusanya wavulana pamoja Desemba, wakatahiriwa na kufundishwa chini ya wazee. Si lazima kila mtu apeleke wake huko. Lakini uliza ni nani anayeingia katika chumba kile usiku.

Sasa nije kwa jambo linalohusu chama. Mtu aweza kuuliza, haya si ya nyumbani, yanaingiaje katika mkutano wa wafanya kazi?

Yanaingia hivi. Hebu fuateni chupa. Inatoka dukani au kaunta: hapo yuko mmoja wetu. Inapakiwa garini: hapo yuko ndugu yetu wa matatu au wa boda boda. Inafika nyumba fulani: hapo yuko mtumishi wa nyumbani na askari wa lango. Inamwangusha mtoto: anapokelewa na watu wa hospitali. Shule zikifunguliwa inaingia bwenini ndani ya chupa ya soda: hapo wako wapishi na walinzi wa shule. Katika njia nzima hii hakuna mahali ambapo mfanya kazi hakuona. Wazazi ndio wa mwisho kujua, na sisi, ambao pia ni wazazi, ndio wa kwanza. Twanyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuogopa kazi. Ya pili ni haya: nitamwambiaje mwenzangu kwamba nimemwona mtoto wake?

Ya kazi twaweza kuishughulikia. Mwaka jana dada mmoja wa baa, sitataja mahali, aliwakatalia vijana wanne waliovaa makoti juu ya sare za shule. Mwenye duka alikuwa ndani, akamwambia awauzie. Akakataa. Jioni ile ile aliambiwa asirudi kesho, ati kwa kukaidi amri. Ndugu zangu, someni Sheria ya Ajira ya 2007. Kukaidi amri ni kosa kubwa pale amri ikiwa ni halali na ya haki. Amri ya kumwuzia mtoto pombe si halali, na mtu hawezi kufutwa kwa kuikataa. Tena kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa kosa, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize mbele ya mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Tuliandika barua moja tu yenye maneno hayo. Alirudi kazini siku ya tisa, na siku zile akalipwa. Lakini angalieni: alikuja kwetu siku ile ile. Wangapi wamefutwa wakaondoka kimya?

Mwuzaji, usione haya kuomba kitambulisho. Kitambulisho hutolewa kwa mwenye miaka 18. Asiyekuwa nacho, hana, basi. Na nyinyi wazazi, acheni kabisa ile tabia ya kumtuma mtoto dukani, "Mwambie ni ya baba." Siku atakapokuja kujinunulia, mwuzaji atajuaje?

Watumishi wa nyumbani wako katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa wako peke yao katika nyumba ya mtu. Kwao nimeomba, na kamati imekubali, kwamba mtumishi akiona karamu ya watoto aweza kumpigia simu mwakilishi wa chama, na mwakilishi ndiye atakayezungumza na mwenye nyumba. Jina la aliyepiga halitatajwa.

Ya pili, ile haya, ndiyo ngumu zaidi. Mimi nilikaa siku nne kabla sijamwendea mama yule. Nilipita mlangoni pake mara mbili na kurudi. Nilipoingia nikamwambia chupa ilikuwa yangu na mchukuzi alikuwa mwanangu. Akasema, "Nilijua tangu usiku ule. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja." Kisha akaweka chai motoni. Tulikaa mpaka jioni, na yale tuliyokubaliana ndiyo tunayoyafanya mpaka leo: akimwona wangu mahali pabaya, ananiambia siku hiyo hiyo, nikimwona wake, namwambia, na anayeambiwa hasemi, "Wako je?" Baadaye wazazi wengine wanane wa mtaa wetu waliingia. Likizo inapoanza tunaulizana zamu: nani yuko nyumbani Ijumaa usiku, nani Jumamosi. Karamu ikifanywa twauliza ni nyumba ya nani, na mtu mzima gani atakuwapo, na tunampigia huyo mtu mzima, si mtoto. Watoto walinung'unika sana mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo namgeukia Katibu. Mazungumzo na waajiri yatakapofunguliwa, pamoja na senti za mshahara naomba tuingize zamu. Mwenye watoto wa shule asipewe zamu ya usiku majuma yote ya Desemba na Agosti mfululizo, zizungushwe. Na atokaye kazini saa sita usiku apewe gari la kumfikisha, maana saa ile aliyokuwa akitembea kwa miguu ndiyo saa aliyotakiwa nyumbani. Hilo si ombi la anasa.

Neno moja kwa watakaomkuta mtoto ameanguka. Usimwache alale ati pombe itoke. Usimpe kahawa, usimmwagie maji baridi, usimlazimishe kutapika. Mlaze ubavu, mfunike, kaa naye, na kama haamki ukimwita, au anapumua polepole, mpeleke hospitali mara moja. Akiamka kesho akasema haoni vizuri au tumbo lamkata, mpeleke upesi sana. Hiyo yaweza kuwa methanoli, nayo huchelewa kujionyesha. Na mtoto aliyekuja kukuita usimpige usiku ule. Kama mwanangu angaliogopa fimbo yangu kuliko alivyoogopa kile alichokiona, ningalipitiliza kitandani, na mtoto wa mwenzangu asingalikuwako.

Mwanangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Sasa ana miaka 19. Mama yule ana mtoto wa pili, amemaliza gredi ya sita, na atatahiriwa Desemba hii. Mwezi wa Septemba alikuja kwangu kuomba mwanangu awe mutiiri wake. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema, "Huyo ndiye anayejua." Mwanangu amekubali, kwa sharti kwamba mimi nami nilale karibu, chumba cha pili, usiku ule saba wa kwanza. Maombi yangu ya likizo ya juma lile yako mezani kwa meneja tangu wakati huo, na bado hajatia sahihi. Bwana Katibu, nakuomba ulitazame jambo hilo kabla ya mwisho wa mwezi.